Muulize Mwalimu: Makoloni 13 yalimshindaje Mwingereza, na Kabalega alikosa nini?

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa trela, nakwenda Mombasa na kurudi Kampala. Juzi nilikwama kwenye foleni Malaba, nikampigia simu binti yangu aliye kidato cha pili. Akaniuliza: "Baba, Marekani nayo ilikuwa koloni la Uingereza kama sisi. Mbona wao walipigana wakashinda, na Kabalega wetu alipigana miaka yote ile akashindwa?" Sikuwa na la kumjibu. Taniboi wangu anasema Mwingereza aliwaachia tu kwa sababu ni Wazungu wenzake. Ni kweli?*
*— Dereva, Malaba*

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma barazani mchana, nikaisoma tena usiku kwa taa, na asubuhi nikachukua fimbo yangu nikapanda kilima cha Mpumudde. Si mbali na kwangu hapa Jinja. Pale ndipo Omukama Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipokata roho mwezi wa Aprili 1923, akirudishwa nyumbani baada ya miaka zaidi ya 20 ya uhamisho huko Ushelisheli. Bunyoro hakuiona tena akiwa hai. Jina la kilima lenyewe ni kama mtu kusema, "Nimepumzika." Nilifundisha historia miaka 31, na swali la binti yako nimeishi nalo muda wote huo, kwa hiyo mwambie kwamba baba yake amepeleka barua mahali pake.

Nikwambie mapema ninachoamini, kisha unipime. Wamarekani walipata mtu wa kuwaletea baruti na manowari. Kabalega hakumpata. Ujasiri alikuwa nao, akili ya vita alikuwa nayo, kuvumilia njaa porini aliwazidi.

Tuanze huko kwao. Makoloni yalikuwa 13, yenye watu kama milioni mbili na nusu, yamejipanga kwenye pwani ya Atlantiki. Ugomvi ulikuwa wa kodi zilizopangwa na Bunge la London ambamo wao hawakuwa na mjumbe: kodi ya stempu mwaka 1765, kisha kodi nyingine na nyingine, mpaka chai ikamwagwa baharini Boston mwaka 1773. Risasi zilianza kulia tarehe 19 Aprili 1775 kule Lexington na Concord. Hayo binti yako atayakuta kwenye kitabu chake chochote, siyakalii.

Jambo ambalo wanafunzi wangu walikuwa wakilikataa ni hili: George Washington, amiri jeshi wao, alipigwa mara nyingi kuliko alivyopiga. Mwaka 1776 Mwingereza alileta New York askari zaidi ya 30,000 pamoja na mamia ya meli. Tarehe 27 Agosti, kwenye kisiwa cha Long Island, Washington alipigwa vibaya akabanwa, mto mpana mgongoni na adui usoni. Siku mbili baadaye, usiku, wavuvi wa Massachusetts waliokuwa askari wake walivusha watu kama 9,000 kwa mashua, safari baada ya safari, mpaka alfajiri ukungu ukawasitiri wale wa mwisho. Jeshi lililotakiwa kufia pale likaamkia ng'ambo. Desemba mwaka huohuo, mikataba ya askari wengi ikiwa imebakiza siku chache kuisha na wengi wakitaka kwenda kwao, akavuka mto Delaware katikati ya barafu usiku wa Krismasi, akawavamia Wajerumani waliokodiwa na mfalme katika mji wa Trenton, akateka kama 900.

Mwingereza alilazimika kuwamaliza. Wao ilitosha wasiishe. Aliuchukua mji wa New York, akauchukua Philadelphia ambako lilikuwa bunge lao, wabunge wakafunga mizigo wakaenda kukaa mji mwingine, na vita ikaendelea. Nathanael Greene, jenerali wao wa kusini, aliandika mwaka 1781 kwamba tunapigana, tunapigwa, tunainuka, tunapigana tena. Maneno hayo nilikuwa nayaandika ubaoni kwa chaki kubwa, na chini yake naandika jina la Kabalega, kwa sababu naye aliishi hivyohivyo kwa miaka mitano.

Sasa, wewe ni dereva, sehemu hii utaielewa kuliko profesa. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Unajua malori yakilala Malaba wiki moja bei ya petroli Kampala inafanya nini. Barabara ya Mwingereza ilikuwa bahari ya Atlantiki nzima. Meli ya tanga ikielekea magharibi iliweza kuchukua miezi miwili. Unga, nyama ya chumvi, mavazi, risasi, sehemu kubwa ilipakiwa bandarini Cork, Ireland. Amri ikiandikwa London, ilipofika ilikuta hali imeshageuka. Na akishuka pwani, kila alipotuma askari kutafuta nyasi za farasi na ng'ombe wa kuchinja, wanamgambo walikuwa wamemngoja nyuma ya ukuta wa mawe.

Baba yangu alikuwa Keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Alipelekwa Burma, akapita bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua ya masika ikiwa imegeuza njia zote kuwa matope, na chakula chao kikidondoshwa kwa ndege. Kwetu hakusimulia habari za bunduki. Alisimulia posho. Alikuwa akisema, "Siku ndege isipokuja, hakuna afande wala kuruta, wote mnakuwa tumbo moja." Mama alikuwa akimkatiza ili ale kwanza. Nilipoanza kusoma habari za Burgoyne, jenerali wa Mwingereza, nilimsikia baba kwenye kila ukurasa.

Burgoyne alitoka Kanada mwaka 1777 na watu kama 8,000, akishuka kusini ili ayakate makoloni mapande mawili. Mwenzake Howe, ambaye wengi walidhani atapanda kumpokea, alikwenda zake Philadelphia. Burgoyne akaingia msituni na mizinga mingi na mizigo ya anasa. Wamarekani wakaangusha miti mbele yake na kuvunja madaraja. Kilomita zisizofika 40 zilimchukua kama wiki tatu. Chakula kikapungua, akatuma kikosi Bennington kutafuta nafaka na farasi, kikapigwa na wanamgambo. Tarehe 17 Oktoba 1777, Saratoga, alisalimu amri pamoja na watu karibu 6,000. Jeshi lake lilikuwa limekwisha tumboni kabla ya kuisha vitani.

Usidhani Wamarekani walikuwa wakishiba. Majira ya baridi yaliyofuata, kambini Valley Forge, waliingia askari kama 12,000 na karibu 2,000 wakafa, wengi kwa maradhi. Pesa yao ya karatasi ilishuka thamani mpaka wakulima wakaikataa. Lakini ndui, iliyokuwa ikimaliza majeshi nyakati zile, Washington aliamuru askari wachanjwe, na naihesabu amri hiyo kuwa sawa na ushindi mmoja mkubwa.

Sasa baruti. Makoloni yalikuwa na bunduki za kuwindia na mafundi, lakini baruti hawakuwa nayo ya kutosha hata kwa msimu mmoja. Sehemu kubwa ya baruti ya miaka ya mwanzo ilitoka ng'ambo, hasa Ufaransa. Mfalme wa Ufaransa alianza kwa siri. Mtunzi wa michezo ya kuigiza, Beaumarchais, aliundiwa kampuni ya kificho iliyoonekana ya biashara ya kawaida, na kupitia kwake zikaja bunduki, mizinga, mahema na viatu. Upendo haukuwepo hapo. Ufaransa ilikuwa imenyang'anywa Kanada na Uingereza katika vita vilivyokwisha mwaka 1763, na ilikuwa inatafuta pa kulipiza. Saratoga ilipowaonyesha kwamba Wamarekani hawavunjiki, tarehe 6 Februari 1778 Wafaransa wakatia saini mkataba wa wazi. Mwaka 1779 Hispania ikaingia vitani dhidi ya Mwingereza, na mwishoni mwa 1780 ikawa zamu ya Uholanzi. Mwingereza akajikuta analinda visiwa vya sukari vya Karibi, Gibraltar, India, na pwani yake mwenyewe, vyote kwa wakati mmoja.

Vitabu vingi vinaimba 4 Julai 1776, siku ya tangazo la uhuru. Ningepewa kalamu nyekundu, ningezungushia duara 5 Septemba 1781. Siku hiyo manowari 24 za Mfaransa chini ya de Grasse zilipambana na 19 za Mwingereza kwenye mdomo wa ghuba ya Chesapeake, na Mwingereza akarudi New York. Katika mapigano hayo hapakuwa na meli hata moja ya Marekani.

Ngoja nikueleze kwa nini siku hiyo ilikuwa kubwa. Jenerali Cornwallis alikuwa amechoka kumfukuza Greene huko kusini. Machi 1781, kule Guilford, alishinda pigano na kupoteza zaidi ya robo ya askari wake. Akaenda Virginia, akajichimbia katika mji mdogo wa bandari, Yorktown, akingoja meli zake kama wewe unavyongoja gati lifunguliwe. Washington alitamani kuivamia New York. Mfaransa Rochambeau akamvuta waelekee kusini, kwa kuwa de Grasse alikuwa ametuma habari kwamba atakuja Chesapeake na hatakaa sana. Ili adui aliyeko New York asishtuke, Wafaransa wakajenga matanuri ya mikate New Jersey, kana kwamba jeshi litakula hapo mwezi mzima. Huku nyuma majeshi yakateremka mamia ya kilomita. Njiani askari wa Washington waligoma kusogea bila mshahara, na zilizowalipa ni fedha za sarafu kutoka sanduku la jeshi la Ufaransa.

Cornwallis alipotazama baharini akaona bendera ngeni. Akatazama bara, akaona watu zaidi ya 16,000, na ukihesabu mabaharia, Wafaransa walikuwa wengi kuliko Wamarekani wenyewe. Mizinga ilianza kunguruma tarehe 9 Oktoba. Tarehe 19 alisalimu amri na watu zaidi ya 7,000. Meli za kumwokoa zilifika siku tano baadaye. Mwanzoni mwa 1782 Bunge la London, lililokuwa limechoka kulipa, likapiga kura vita ya kuvamia isiendelee, na mkataba wa amani ukatiwa saini Paris tarehe 3 Septemba 1783.

Sasa turudi kwetu, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Mwaka 1894 Kanali Colvile wa Uingereza aliingia Bunyoro na askari wa Kisudani pamoja na maelfu ya Waganda, watu wa ufalme jirani wa Buganda. Kabalega hakukaa uwanjani angoje kuchinjwa. Aliacha makao yake, akaingia msitu wa Budongo na jeshi lake la abarusura, akawa anavizia misafara na kutoweka. Alipobanwa alivuka Nile akaingia Lango, akaendelea. Ni Washington yuleyule wa Long Island, mwanangu, mashua tu ndizo tofauti. Alikamatwa tarehe 9 Aprili 1899, amepigwa risasi ya mkono.

Nchi yake ilikuwa imedhoofika kabla ya Colvile. Sotoka ilikuwa imepita Afrika Mashariki yote ikiangusha ng'ombe, na vita ikaleta njaa na maradhi juu yake. Halafu silaha. Gobore la mwanamgambo wa Massachusetts na bunduki ya askari wa mfalme zilikuwa ndugu, zote za kushindilia kwa mdomo, risasi mbili tatu kwa dakika. Kabalega alikuwa na bunduki nyingi kuliko watu wanavyodhani, lakini alikabiliwa na Maxim, ile bombomu inayotema mamia ya risasi kwa dakika.

Na hata bombomu ningeiweka nafasi ya pili. Ya kwanza ni mkataba uliosainiwa Brussels mwaka 1890. Mataifa ya Ulaya, yaliyokuwa yamekwisha kukaa Berlin mwaka 1884 na 1885 kuweka kanuni za kugawana bara hili, yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa na baruti zisiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa. Soma tena, mwanangu, ukimkumbuka Beaumarchais na kampuni yake. Kwa Washington, adui wa Mwingereza alikuwa Mfaransa, na Mfaransa aliuza. Kwa Kabalega, Mfaransa, Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza walikuwa wametia saini karatasi moja. Charles Stokes, mfanyabiashara kutoka Ireland aliyepitisha bunduki katika ukanda wetu huu, alinyongwa na Wabelgiji huko Kongo mwezi wa Januari 1895.

Majirani nao. Sitawalaumu Waganda kwenye gazeti, walikuwa na hesabu zao kama Ufaransa ilivyokuwa na zake, na walipewa ardhi ya Bunyoro kama malipo. Lakini Kabaka wao, Mwanga mwenyewe, aliinuka dhidi ya Mwingereza mwaka 1897, na askari wa Kisudani wakaasi mwaka huohuo, hapa karibu na kwetu, kwenye ngome ya Lubwa. Mwishowe Mwanga na Kabalega walikamatwa pamoja. Ningependa sana kujua mwaka 1894 ungekwendaje kama hao watatu wangekuwa upande mmoja tangu mwanzo. Kwa miaka 31 sikuweza kupita ukurasa huo bila kunyamaza kidogo mbele ya darasa.

Kuhusu taniboi wako: ana robo ya ukweli. Mwaka 1776 Mwingereza alikaa mezani na wajumbe wa waasi kule Staten Island kujaribu kupatana, na pande mbili zilibadilishana wafungwa wengi. Heshima ya namna hiyo Kabalega hakuipata. Lakini kuachiwa bure hapana, walipigana miaka minane na maelfu wakafa. Na hao waliopigania uhuru wao, mwaka 1779 walituma jeshi likachoma vijiji kama 40 vya Wairokwa, wenyeji wa nchi ile, pamoja na mahindi yao shambani. Binti yako alisome na hilo.

*Mwalimu, mimi ni mama wa sokoni Arua. Redio ilisema vita ya uhuru wa Marekani ilikuwa na watu weusi pia. Walikuwa upande gani?*
*— Msomaji, Arua*

Pande zote mbili, mama, na kila mmoja alikwenda alikosikia neno uhuru likitajwa kwa ajili yake. Upande wa makoloni walipigana weusi kama 5,000. Lakini Novemba 1775 gavana wa Mwingereza huko Virginia, Dunmore, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi akikimbia na kujiunga naye atakuwa huru. Katika vita nzima maelfu kwa maelfu walikimbilia Waingereza, wanaume, wanawake, na watoto migongoni.

Mmoja alizaliwa Gambia, akauzwa, akawa mtumwa wa kutunza farasi katika shamba la Washington mwenyewe. Aliitwa Harry Washington. Alitoroka mwaka 1776, mwaka uleule bwana wake alipokuwa akipigania uhuru, akatumikia jeshi la Mwingereza mpaka akawa koplo. Vita ilipokwisha, Washington alidai watumwa waliotoroka warudishwe. Kamanda wa Kiingereza New York alikataa kuwatoa walioahidiwa uhuru, na weusi kama 3,000 wakaandikwa katika daftari moja, jina kwa jina, wakapakiwa melini kwenda Nova Scotia, huko Kanada. Harry alikuwemo.

Nova Scotia ni baridi na mawe, na ardhi waliyoahidiwa wengi hawakuiona. Mwaka 1792 karibu 1,200 walivuka bahari tena, safari hii kurudi Afrika, wakaanzisha Freetown, Sierra Leone. Huko kampuni ya Kiingereza iliyotawala ikawatoza kodi ya ardhi ambayo wao walisema hawakuikubali. Mwaka 1800 wakaasi. Harry Washington alikuwa miongoni mwao. Walizimwa na askari walioletwa kwa meli, naye akahukumiwa, akafukuzwa Freetown, akapelekwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom.